Naombeni ushauri: fyekeo, panga au mashine ya diski kwa uwanja uliogeuka pori?

MwenyeUwanja
Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Nina nyumba huku Mlandizi, mkoa wa Pwani, ambayo ilikaa muda mrefu bila mtu, na baada ya masika uwanja wake wa nyuma umefungana kiasi kwamba ukisimama kwenye mlango wa jikoni huoni tena choo cha zamani. Eneo ni kama robo eka. Nataka kulisafisha kabla familia haijahamia, na nimekwama katika jambo moja tu: kati ya fyekeo, panga na mashine ya petroli yenye diski, nitumie kipi? Naomba wenye uzoefu wanijibu mapema, kwa kuwa muda umenibana na usingizi ninaupata kwa taabu.

Mzee wa Kinoo
Mwanangu, zamani hilo halikuwa swali. Shule zilipofunguliwa kila mtoto alifika na fyekeo, jembe au ufagio, na kiwanja cha mpira kilikuwa cheupe kabla ya kengele ya mapumziko. Tena vilikuwa vyuma hasa. Majembe na mapanga yaliyotoka UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, ukiyagonga kwenye jiwe yalilia, ilhali haya ya siku hizi yanapinda kwenye mpapai. Tafuta fyekeo, linoe pande zote mbili, uamke alfajiri. Vijana mmezoea kubonyeza vitufe.

Dada wa Kibaha
Ushauri wangu ni kutafuta vijana wa mtaani, ukubaliane nao bei ya kazi nzima na si ya siku, kisha ukae kivulini. Mume wangu alijifanya hodari akafyeka mwenyewe, na jioni ile nilimkanda mgongo kwa maji ya moto huku akinituma nimletee hata kikombe kilichokuwa mbele yake.

FundiTupa
Hakuna anayeweza kukujibu kabla hujasema unakata nini. Kwa majani laini, uzi wa nailoni wa mashine unatosha, nao hauna hofu ukigusa ukuta. Kwa majani magumu na vichaka vyenye vijiti vya unene wa kidole, kisu cha meno matatu ndicho chake. Diski yenye meno mengi kama ya msumeno ni ya mashina ya miti midogo, na ukiipeleka kwenye majani marefu itakuzungushia majani hayo shingoni mwa mashine mpaka injini izime. Panga ni la matawi na mahali ambapo mashine haifiki. Sasa tuambie, huko nyuma kumeota nini?

MwenyeUwanja
Nashukuru, Fundi. Ni majani, pamoja na vimiti vya hapa na pale.

FundiTupa
Vimiti vina majina, ndugu yangu.

MwenyeUwanja
Sawa. Vingi ni mkulagembe, ule mti mdogo wa miiba, na baadhi ya mashina yamefikia unene wa kifundo cha mkono. Kwenye pembe ya choo kuna upupu uliopanda juu yake. Niseme pia kwamba diski nimekwisha kuinunua, ya meno 80, yenye kipenyo cha milimita 255, na mashine ataniazima shemeji yangu. Sioni kwamba nimeharakisha, kwa sababu mkulagembe ni mti na diski hiyo ni ya miti, kama Fundi mwenyewe alivyoeleza. Tundu la katikati ni milimita 25.4 na shafti ya shemeji inataka 20, lakini muuzaji amenipa bushi ya kuziba nafasi.

Mbuzi Mmoja
Azima mbuzi. Mkulagembe wanakula majani na maganda yake, na mwisho wa kazi unachinja vibarua wako.

Bi Shamba
Mbuzi watakula maganda na kukupandia mbegu upya kwa kinyesi chao, uwanja mzima. Halafu msidharau upupu. Maganda yake yakikauka, vile vinyweleo vinapeperuka kwa kuguswa tu. Ukiupiga kwa chombo kinachozunguka utavirusha hewani, vikuingie shingoni, machoni na puani. Ninamjua mtu aliyeingia kwenye upupu mchana akiwa amevaa fulana, na jioni alikuwa anajisugua kwenye nguzo ya baraza mbele ya wakwe zake. Upupu unakatwa shinani kwa panga asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, nawe umefunika mwili wote na kuvaa miwani.

FundiTupa
Bi Shamba amesema vyema. Kuhusu bushi, ivalishe, kisha zungusha diski kwa mkono huku plagi ya injini imechomolewa. Ikicheza hata kidogo, usiwashe. Diski isiyokaa katikati hutetemesha mashine nzima, na nati inaweza kulegea ukiwa kazini. Kikinga cha uzi wa nailoni nacho si kikinga cha diski ya chuma, kwa hiyo muulize shemeji kama anacho kile kingine. Jambo la mwisho kabla sijaendelea: chini kukoje? Kuna mawe, vyuma, misingi ya zamani?

MwenyeUwanja
Chini ni udongo wa kawaida. Kulikuwa na uzio wa seng'enge uliokwisha kuanguka, lakini waya wenyewe umeoza kwa kutu na sidhani kama unaweza kuizuia diski.

FundiTupa
Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo. Waya wenye kutu mara nyingi haukatiki kwa diski, unajisokota kwenye shafti, na ncha iliyobaki nje inageuka kiboko kinachozunguka usawa wa miguu yako. Kipande kikikatika, kinarushwa mbali. Ndiyo maana vitabu vya mashine hizi vinataka mtu mwingine asikaribie ndani ya mita 15. Aidha, robo ya mbele ya diski iliyo upande wako wa kulia ikigonga kitu kigumu, mashine nzima hurushwa pembeni kwa nguvu kabla hujajua kilichotokea. Shika koleo ya kukatia waya, ufuate nguzo moja baada ya nyingine, uviringishe seng'enge yote na kuitoa. Baada ya hapo ndipo tuzungumze kuhusu meno 80.

Kijana wa Chalinze
Mbona kuna njia rahisi? Mafundi wa kuchomelea wanafunga vipande vya mnyororo kwenye sahani ya chuma, ukigonga jiwe mnyororo unajikunja tu, wala hauvunjiki.

FundiTupa
Unavunjika. Vichwa vya namna hiyo vilipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwaka 2012, baada ya pete ya mnyororo kuchomoka na kuua mtu.

Mtazamaji
Naomba kuwa mkweli. Nimesoma tangu juu na ninaona hadithi inakua kila tunapoibana. Ilianza kwa majani, ikaja mikulagembe, ukafuata upupu, sasa tuna seng'enge. Kesho tutaambiwa kuna mamba kwenye shimo la choo. Mkulagembe hauwi mnene hivyo kwa masika moja. Tena mtu anayedai hajui achague nini anataja kipenyo na tundu kwa desimali kama mwenye duka. Mimi naona hapa kuna diski zinazotafuta wateja.

Dada wa Kibaha
Hata mimi nilishangaa. Mtu asiyepata usingizi kwa ajili ya majani?

MwenyeUwanja
Ndugu Mtazamaji, niliandika tangu mwanzo kwamba nyumba ilikaa muda mrefu bila mtu. Masika yamekuja juu ya pori lililokuwapo. Vipimo vimegongwa kwenye diski yenyewe, pamoja na mshale wa upande inakozungukia, na yeyote anayejua kusoma angevitaja. Kama ningekuwa nauza diski, ningekubali Fundi aiseme vibaya hadharani namna hii? Usingizi ninaukosa kwa sababu nina watoto wadogo wanaohamia kwenye uwanja ambao sijui kilichojificha ndani yake.

Bi Shamba
Iwe kweli, iwe hekaya, nina mkulagembe nyuma ya banda la kuku na nimefaidika. Niongeze tu kwamba ukiukata juu, utachipua kwenye mizizi na kurudi umeongezeka. Kisiki king'olewe kwa sururu, mzizi ukifuatwa mpaka unapoishia, udongo ukiwa bado na unyevu wa masika.

Mzee wa Kinoo
Sururu. Nilisema mimi, mashine za nini?

MwenyeUwanja
Mzee wangu, shikamoo, lakini ulisema fyekeo. Koleo na sururu nitanunua. Hata hivyo diski sijaitoa kwenye mpango, kwa sababu upande wa mwembe hakujawahi kuwa na uzio.

FundiTupa
Umejuaje, na umesema hata choo hakionekani?

MwenyeUwanja
Nitafyeka majani kwanza kwa fyekeo, nipitishe reki, kisha niangalie.

Kijana wa Chalinze
Ukikuta waya upande huo pia, hiyo diski ya meno 80 utaniachia kwa kiasi gani? Tundu la 25.4 ndilo linaloingia kwenye mashine yangu.