Katuni za kutisha za zamani: EC au Warren, ninunue kipi?

Msomaji_wa_Usiku
Wakuu, naomba ushauri. Nimeweka akiba ya kununua kitabu kimoja kikubwa cha katuni za kutisha za zamani. Ni kimoja tu, maana nauli ya kukileta hadi Dodoma inakaribia bei ya kitabu chenyewe. Nimebaki na vitatu: mkusanyo wa katuni za EC, kampuni ya Marekani, za miaka ya 1950, uliotiwa rangi upya kwa kompyuta; EC hiyohiyo kwa wino mtupu bila rangi, kitabu kwa kila mchoraji; au Creepy, jarida la mchapishaji Warren lililoanza 1964. Hadithi nyingi nimeshazisoma kwenye simu. Ninachotaka sasa ni michoro, niikalie niitazame. Mngechukua kipi?

Kobe_Mzee
Chukua EC yenye rangi, mdogo wangu. Vijitabu vya EC, Tales from the Crypt na wenzake, viliuzwa senti 10 huko Marekani, karatasi duni ya gazeti, na rangi ilikuwa sehemu ya kutisha kwenyewe. Marie Severin, mpanga rangi wao, alikuwa tayari kumpaka mtu mzima buluu tupu toka nywele hadi viatu. Jicho linakataa, moyo unaelewa kuna jambo limeharibika. Ukiitoa rangi umetoa nusu ya kazi.

BiMkasi
Mzee Kobe, shikamoo. Nakubaliana nawe juu ya Severin, lakini kilichomo kwenye mkusanyo ule wa sasa si mkono wake. Wameufuata mpangilio wake, kisha kompyuta ikalainisha kila kitu: shavu linafifia polepole hadi shingoni kama picha ya studio. Wachoraji wale walichora wakijua rangi itakuwa bapa.

Mimi nasema wino mtupu, na uanze na Graham Ingels, yule aliyekuwa akitia sahihi "Ghastly". Tazama maiti zake zinapofumbua mdomo. Kati ya meno ya juu na ya chini anaacha nyuzi za ute zikining'inia, na kila uzi ni mstari mmoja mwembamba, unanenepa kidogo pale unapotaka kukatika. Nywele za mchawi wake mzee zinateremka vivyo hivyo, mapazia vivyo hivyo, hata mbao za nyumba. Kila kitu kinaoza kwa pamoja. Juu yake ukipaka kijani cha kompyuta, nyuzi zile zinazama.

Na kuna sababu uchapaji wake ni safi: mwenye EC, William Gaines, alizihifadhi kurasa halisi za wachoraji wake. Wachapishaji wengi wa enzi zile hawakujali kabisa. Vitabu vya wino mtupu vinafaidi uangalifu ule.

Tano_Usiku
Mnaisahau Warren. Aprili 1954 Gaines aliitwa mbele ya kamati ya Seneti mjini New York, akaulizwa kuhusu jalada la kijitabu chake kimoja, lililochorwa na Johnny Craig: mwanamume ameshika shoka mkono mmoja, kichwa cha mwanamke mkono wa pili. Mwaka huohuo wachapishaji wakajiwekea kanuni. Neno "horror" likapigwa marufuku kwenye jina la kijitabu, vampaya na watu wanaogeuka mbwamwitu wakafukuzwa. EC ikaacha katuni za kutisha.

Warren aliponea kwenye umbo. Creepy ilikuwa jarida kubwa, nyeusi na nyeupe, hivyo kanuni ile haikuihusu. Kwa hiyo wino wake haukungoja rangi ya mtu. Steve Ditko alichora humo kwa wino uliozimuliwa maji, vijivu juu ya vijivu, ukungu unaingia chumbani. Mwaka 1974 Bernie Wrightson akachora "Jenifer": mwili wa msichana mzuri, uso wa kitu kisicho na jina. Ule uso nimeuona mara moja nikiwa kidato cha pili, na hadi leo naweza kuuchora kwa kumbukumbu.

BiMkasi
Wrightson sina neno naye. Mstari wake wenyewe umetoka kwa Ingels. Tatizo la Creepy ni kwamba kwenye kitabu kimoja utakuta kurasa 8 za dhahabu, kisha 20 za kawaida tu. Kwa pesa ya kitabu kimoja, ni hatari.

Kobe_Mzee
Marahaba, Bi Mkasi. Hoja ya kompyuta nimeikubali. Basi kuna njia ya nne: miaka ya 1990 vijitabu vya EC vilichapwa upya kimojakimoja, kwa rangi bapa za mwanzo, matangazo na barua za wasomaji zikiwemo. Havina jalada gumu, ila ukivipata kwa wauza vitabu vilivyotumika si ghali. Ninavyo vichache.

Msomaji_wa_Usiku
Asanteni sana. Jana usiku nilifungua ukurasa mmoja wa Ingels kwenye simu mara mbili, wenye rangi na usio na rangi, nikaukuza hadi mdomo ukajaa kioo. Kwenye wenye rangi nilihesabu nyuzi tatu. Kwenye wino mtupu zilikuwa saba, na moja ilikuwa imeshakatika.

Nimeagiza Ingels. Mzee Kobe, ukipata nafasi tuwekee picha ya ukurasa mmoja wenye buluu ya Severin, nami kitabu kikifika nitauweka ukurasa huohuo kwa wino.