Naomba ushauri: kupiga picha nzima ya Garratt 5918 ubavuni

Habari zenu wadau. Naomba msaada kuhusu 5918 "Mount Gelai", injini ya mvuke ya reli ya aina ya Garratt, pale Makumbusho ya Reli, Nairobi. Nataka picha moja ya ubavu, kutoka tangi la mbele mpaka bunkeri (sehemu ya mafuta huko nyuma), kila gurudumu lionekane. Mnyama huyu ana urefu wa karibu mita 32. Kwa kamera yenye sensa ya APS-C (ndogo kuliko fremu nzima) na lenzi ya mm 18 nahitaji kusimama kama mita 25, na nikirudi nyuma hivyo vitu vingine vinaingia kati.

Nimejaribu kusimama sehemu moja na kugeuza kamera kwenye tripodi: reli inapinda na ncha zote mbili zinasinyaa. Nikasogea sambamba na reli, umbali wa mita 8, hatua ya mita 5 kila picha. Ubavu unanyooka vizuri, ila programu ya kuunganisha picha inakata miti ya nyuma na fito za magurudumu zinajirudia, kwa kuwa haziko usawa mmoja na boila.

Halafu kuna kivuli. Jua la mchana hapa liko utosini; rangi ya maruni inang'aa, magurudumu yanabaki giza tupu. Kuongeza mwanga kwa stopu 2 (yaani mara nne) kunayafunua, lakini boila inakuwa nyeupe tupu kwenye picha.

Maswali yangu:
Kwa njia ya kusogea, nipunguze hatua hadi mita 2 au nitumie lenzi ya mm 35?
Na magurudumu, niunganishe picha za mwanga tofauti, au nisubiri siku ya mawingu?

Natanguliza shukrani.