Chumba kimoja, jiko koridoni, mtoto ndo kaanza kutembea. Mnamlindaje asiungue?

mama_wa_Sakina:
Wadau habari za baridi. Niko Arusha, Sakina, tumepanga chumba kimoja na mtoto wangu wa miezi 14 ndo kaanza kutembea, hashikiki. Wapangaji tuko watano, kila mtu na jiko lake la mkaa koridoni, na mwezi huu wa saba yanawaka kutwa maana na kuota moto tunaota hapohapo. Juzi mtoto wa nyumba ya pili kaungua na uji, sufuria ilikuwa imewekwa chini ipoe, wala jikoni haikuwepo. Wakampaka dawa ya meno, mwingine akaja na yai, ndo wakakumbuka hospitali. Jamani msiniambie ninunue jiko la gesi, hela sina. Nifanyeje kwa mazingira hayahaya? Na akiungua kinaanza nini?

bibi_nesi_Moshi:
Mwanangu umeshajijibu nusu, ni hiyo sufuria iliyowekwa chini. Nimekaa wodini mpaka nimestaafu, na hawa wa chini ya miaka mitano wengi hawaungui na moto unaowaka, wanaungua na chai, uji, maharage, maji ya kuoga. Ngozi yao nyembamba, maji ya nyuzi 60 tu yanamuunguza vibaya kwa kama sekunde moja, sasa chai iliyotoka jikoni si ndo zaidi. Kwa hiyo habari ya "nipo hapa namwangalia" haisaidii, humuwahi. Cha moto kisikae chini na kisikae mezani kwenye kitambaa kinachoning'inia, anavuta kitambaa chupa ya chai inamjia kichwani. Usimpakate huku unakunywa chai. Maji ya kuoga tanguliza ya baridi kwenye beseni, ya moto yafuate, pima kwa kiwiko.

Akiungua ni maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, bomba likiwa limekatika mimina kwa kikombe taratibu, hata ikishapita saa moja au mbili tangu aungue bado yanasaidia, mwisho masaa 3. Barafu hapana. Mvue nguo ila iliyogandia usiivute, malengelenge usitoboe, funika kwa kitambaa safi, na mwili uliobaki mfunike asipigwe baridi. Hiyo dawa ya meno na yai sisi tunaanza kuvisafisha ndo tuone kidonda, mtoto analia mara mbili. Uso, mikono, miguu, sehemu za siri, kwenye viungo, au pakubwa kuliko kiganja chake, mpeleke hospitali hapohapo. Kwenye kiungo usipuuze, kidonda kikipona vibaya ngozi inakaza, mkono unabaki umekunjika.

mjukuu_wa_Machame:
Bibi shikamoo. Na asali? Kwetu wazee walikuwa wanapaka asali na watu walipona.

bibi_nesi_Moshi:
Marahaba. Asali ya vidonda ipo, imeandaliwa maalum, siyo hiyo ya kwenye chupa ya Konyagi mjukuu wangu. Na hata hiyo siyo ya dakika ile, dakika ile ni maji.

fundi_wa_Pasua:
Dada, mimi ni seremala, dawa yako ni kageti mlangoni. Mabanzi manne matano, bawaba mbili, komeo ukaliweke upande wa nje chini asipofika, urefu uvuke kifua chake maana mwaka ujao atakuwa anapanda. Halafu ongea na wapangaji majiko yote yakae upande mmoja wa koridoni, mwisho kule kusikopitwa, siyo kila mtu mlangoni kwake. Mpini wa kikaango ugeukie ukutani. Na usiku jiko msiingize ndani kuota hata kama mkaa umeshika vizuri hauna moshi, hiyo siyo kuungua tena, mnalala hamuamki.

boda_Kijenge:
Mmesahau hita ya kwenye ndoo!! Mtu anachomeka anaenda kupiga stori, mtoto anavuta waya, hapo ni maji ya moto na shoti kwa pamoja. Nyingine ekzosi ya pikipiki, tukishapaki inakaa na moto muda mrefu na watoto wanapenda kukumbatia piki, mimi naiegesha ekzosi iangalie ukuta. Na mafuta ya taa kwenye chupa za soda acheni.

mama_wa_Sakina:
Asanteni sana, bibi Mungu akuweke. Wapangaji wawili wamekubali kuhamisha majiko, mmoja ananuna anasema mtoto ni wangu siyo wake, nitamalizana na mama mwenye nyumba. Kaka fundi, mabanzi huku Arusha nitapata wapi, na si yatamchoma vibanzi?

fundi_wa_Pasua:
Mashine yoyote ya mbao, ulizia mabaki, bei yake ni ya maelewano. Wakupigie randa hapohapo kabla hujabeba, na kona waziviringishe. Usipake rangi ya mafuta, atailamba.