Meli za kuzunguka dunia zamani: mwenye meli alikua anapata faida aje?

Jamaa_wa_Kondele
Wadau habari zenu. Nimekua nikisoma hizi meli kubwa za zamani zilizokua zinazungusha matajiri dunia nzima, mtu anakaa majini karibu miezi minne. Sasa naomba mnifunze, meli iliyoundwa kuvusha watu Atlantic, mwenyewe anaiondoaje kazini muda wote huo? Si ni hasara? Na mbona zikaisha?

NakuruMashariki
Hasara ni kuiacha imefungwa gatini bro. Chukua meli ya Empress of Britain ya kampuni ya Canadian Pacific, ilianza kazi 1931, tani zaidi ya 42,000. Njia yake ilikua Southampton hadi Quebec, lakini huko mto St. Lawrence unaganda barafu msimu wa baridi na abiria wanapungua, so badala ya kukaa bure ikapelekwa kutembeza matajiri. Desemba 1931 ikatoka New York, ikapita Mediterania, Suez, India, Ceylon (Sri Lanka ya leo), Uchina, Japani, Hawaii, California, ikarudi kwa mfereji wa Panama, siku 128. Kitu hunishangaza mpaka leo ni propela. Ilikua nazo nne, na kabla ya hiyo safari mbili za nje zilikua zinatolewa kabisa, juu mtalii hana haraka, na kuzungusha zote nne ni kuchoma mafuta ya mwendo ambao hakuna mtu ameuitisha. Na kumbuka hiyo ni miaka uchumi ulikua umeanguka, Marekani watu wanapiga foleni ya supu ya bure, wenye nauli walikua wachache sana.

mama_wawili_ksm
Niongezee hapo kwa Panama. Huo mfereji ulifunguliwa 1914, na ndio uliamua meli gani inaweza kuzunguka hivyo, meli ya Queen Mary kwa mfano ilikua pana kuliko mageti ya mfereji, haingepita. Empress waliipima mapema ipite Panama na Suez. Safari za aina hii zilianza kushika na meli ya Laconia ya kampuni ya Cunard, 1922, ilikodishwa na American Express.

Jamaa_wa_Kondele
Asanteni sana, hiyo ya propela sikuwahi sikia. Na mwisho wake?

Mzee_wa_Gati
Kijana wangu, Empress ilipigwa mabomu na ndege ya Wajerumani Oktoba 1940 karibu na Ireland, siku mbili baadaye nyambizi ikaimaliza. Zingine zilirudi baada ya vita, lakini 1958 waliovuka Atlantic kwa ndege walikua wamepita wa meli, na njia ya kila wiki ikikufa, meli haina kazi ya kuilisha miezi ile mingine, hiyo starehe peke yake haikutosha. Hata hapa kwetu usidharau, MV Victoria iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande, ikaunganishwa upya hapa Kisumu na kuanza kazi 1961, ilikua inazunguka ziwa lote, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika 1977 ikabaki Tanzania, ukienda Mwanza uliza, bado iko.