Mjadala: Sisi wa kazi za ubunifu, nani atuzimie simu usiku?

Mwanzisha mada (mchora nembo na mabango, Umoja, Nairobi)

Jumatano iliyopita, saa tano kasorobo usiku, mtoto keshalala na vyombo vimeoshwa, simu ikalia. Mteja. "Nembo iongezeke kidogo, tunachapisha asubuhi." Nembo yenyewe tulikuwa tumeikuza mara tatu tangu Jumatatu, na kila mara jina la faili linarefuka: ya mwisho, ya mwisho kabisa, ya mwisho kabisa 4. Nikafungua laptopu. Saa sita stima ikapotea, nikamalizia kwa betri na bando la simu. Nililala saa tisa. Asubuhi wakachapisha ile ya pili.

Sasa swali. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira ya 2007, ili mfanyakazi asiadhibiwe kwa kutojibu simu na barua pepe za mwajiri nje ya saa za kazi. Mwajiri akikiuka, faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Shirikisho la Waajiri likaupinga. Ufaransa wana haki ya namna hiyo tangu Januari 2017, ingawa kule kampuni yenye watu 50 na zaidi hutakiwa kuketi na wafanyakazi na kupatana jinsi itakavyokuwa. Hakuna polisi anayekuja kuzima kompyuta.

Msimamo wangu: mswada ule ni mzuri lakini haunigusi. Sina bosi. Nina wateja saba, na kila mmoja anajiona bosi. Sheria ya Ajira inampa aliyeajiriwa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Likizo yangu mimi ni stima ikipotea na betri ikaisha. Semeni: tungoje sheria au tujirekebishe?

Mwajiriwa, kampuni ya matangazo, Westlands

Ndugu, usiutupe mswada kwa sababu wewe huna bosi. Wengine tunao.

Kwetu hakuna anayekwambia ubaki. Inaletwa pitsa. Ukiona maboksi yanapanda ngazi saa kumi na mbili jioni, jua ni usiku wa zabuni na hatoki mtu kabla ya saa sita. Saa sita unaitiwa teksi ya ofisi, Waiyaki Way iko tupu, unaketi nyuma ukijiona mtu mzito. Miaka minne nilijiona mzito. Saa za ziada hazilipwi, maana mkataba unasema mshahara umeshazijumuisha. Zile siku 21 ninazo kwenye karatasi. Mwaka jana nilichukua nane, na huko Diani nilikaa chini ya mnazi na laptopu mapajani, mchanga ukiingia kwenye vibonye.

Kijana wa mwaka wa kwanza hawezi kumwambia mkurugenzi "nimefunga". Lazima mtu mwingine amsemee, na simwoni mwingine isipokuwa sheria.

Mwenye studio ya video, Ngara

Nitasema ukweli mnichukie. Nina wahariri wanne, na wateja wangu wawili wakubwa wako New York. Wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, hapa ni saa kumi jioni, na majira yao ya baridi inakuwa saa kumi na moja. Mhariri wangu akizima simu saa kumi na mbili, tutakuwa tumeongea na mteja lisaa limoja au mawili tu. Kazi itaenda Lagos au Manila kesho yake. Faini ya 500,000 kwangu si faini, ni kufunga mlango.

Na tusidanganyane, wengi wetu tulijifunza kazi hii usiku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mchora matatu, Buruburu

Mzee wangu wa Ngara, nimeinama mvunguni miaka kumi na saba, sasa nisikilize.

Matatu ikiwa gereji haileti pesa. Kwa hiyo mwenyewe anataka iingie Jumatatu na Ijumaa jioni iwe barabarani inanguruma. Huko nyuma tulikuwa tukikesha. Kazi yenyewe tulikuwa na njaa nayo, maana zile sheria za matatu za waziri Michuki za 2004 zilikuwa zimetubakizia mstari wa manjano tu, michoro iliporudi hakuna aliyetaka kulala.

Basi kuna gari moja nilichora uso wa mchezaji wa mpira ubavuni, saa nane usiku, chini ya balbu moja ya kuning'inia. Bunduki ya rangi mkononi, nikiona kabisa nimepatia ngozi yake. Kulipokucha jua likapiga lile bati: mtu amekuwa wa zambarau. Makanga akacheka mpaka akakaa chini. Nilikwangua, nikapiga msasa, nikarudia kwa rangi niliyonunua mwenyewe. Kazi ya usiku wa bure ikazaa mchana wa bure.

Tangu siku hiyo uso siupaki baada ya jua kuzama. Usiku nakubali kupiga msasa, kubandika tepu, kupuliza rangi ya chini, basi. Mwenye gari akisema Ijumaa, namwambia lete gari Jumamosi ya kabla. Wawili waliondoka, mmoja akarudi. Na gari haliguswi kabla nusu ya pesa haijaingia kwenye simu. Hayo sikuyasoma popote, yalitoka kwa yule mtu wa zambarau.

Mwigizaji, South B

Mnazungumza kana kwamba saa kumi na mbili ni ya kila mtu. Mimi ndipo naingia kazini. Mazoezi ni jioni, onyesho ni jioni, na msimu wa kuzungusha tamthilia za kutahiniwa mashuleni naamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la kwenda Kitui. Saa zangu za kufunga ni kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa, mtoto akiwa shule. Hapo ndipo natamani msinipigie, na hapo ndipo mnapiga wote, kwa kuwa "uko tu nyumbani".

Sheria ikisema saa za usiku, mimi imenisahau. Ikisema saa kumi na moja za kupumzika mfululizo, zozote zile, hapo tutaongea.

Mwanzisha mada

Dada, hilo la saa mfululizo sikuwa nimeliwaza, na nakubali.

Mzee wa Ngara, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi la Kimataifa walitoa hesabu: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Sikutishi. Nimejumlisha tu saa zangu za wiki ile ya nembo, zikafika 63.

Ila nitawaambia kilichonishangaza zaidi. Miezi mitatu nimeweka daftari la shule kando ya laptopu. Kila nikifanya kazi kupita saa nne usiku, naandika kwa nini. Nilidhani nitakuta wateja wasumbufu, au uvivu wangu wa mchana, maana simu nayo hunila sana. Yamo hayo. Lakini kati ya usiku 19 nilioandika, 11 zilikuwa kazi ndogondogo nilizozikubali, kadi za harusi, bango la kanisa, kwa sababu ankara kubwa ilikuwa haijalipwa na kodi ya nyumba imefika. Mteja ana deni langu tangu Mei, mimi namkopesha kwa kutolala. Nikizima simu saa kumi na mbili na ankara ikabaki pale, nimejinyima ile kadi ya harusi tu.

Kwa hiyo nimemuiga mchora matatu. Arbuni nusu. Marekebisho mawili, la tatu lina bei yake. Mteja wa nembo alicheka akasema "siku hizi mmekuwa wakubwa", akaenda. Wawili wametoa bila maneno. Wale wakubwa hawataki hata kusikia, wao wana "utaratibu wa siku 60".

Sasa nikuulize kwa heshima, mzee: wahariri wako unawalipa baada ya siku ngapi?

Mwenye studio ya video, Ngara

Wanne wa ndani, mwisho wa mwezi, hata nikikopa. Wale wa nje nawalipa nikilipwa. Nitoe wapi? Wa New York hulipa wiki mbili. Wanaonichelewesha ni wa hapahapa, kampuni za matangazo za Westlands. Muulize huyo ndugu wa pitsa.

Mwajiriwa, kampuni ya matangazo, Westlands

Nimeshuka kwa mhasibu leo mchana nikauliza. Ni siku 90. Na hazihesabiwi tangu ankara iletwe, zinahesabiwa tangu itiwe sahihi. Kwenye trei yake zimelala kumi na nne hazijatiwa, moja ina nembo ya studio ya Ngara. Anayetia sahihi yuko likizo, amechukua zake zote 21, na simu ameizima.