Naomba ushauri: mama ana ugonjwa wa kusahau, usiku hatulali

Ndugu zangu, naombeni ushauri, hasa mliowahi kuuguza mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau. Daktari alisema mama ana Alzheimer. Mchana ana nafuu: anakula, anakunja nguo, hata nyimbo za zamani anaziimba bila kukosea neno. Shida inaanza jua likizama. Anahangaika, anataka "kwenda kwao" ilhali yuko kwake, anatuuliza sisi ni nani, na usiku anahangaika na mlango ili atoke.

Hatubishani naye, maana ukimsahihisha ndiyo anazidi kuwaka. Taa tunawasha mapema, na baada ya mchana hatumpi chai wala kahawa. Mkojo pia umepimwa, kwani maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee ghafla. Majibu safi. Daktari hataki kukimbilia dawa za kumtuliza kwa sababu ya hatari ya kuanguka na kiharusi, nami namuunga mkono.

Sasa, mlango mnaudhibiti vipi bila kumfungia mtu ndani kama mfungwa? Moto ukitokea je? Kuoga nako anakataa katakata nikimsaidia mimi mwanawe wa kiume. Kwa dada anakubali, ila dada naye kachoka.

Tunafikiria kuajiri msaidizi. Mnamuuliza nini mtu kabla ya kumkabidhi mama? Na aje usiku, kwenye vurugu zenyewe, au mchana ili sisi tupate kulala?