Naomba ushauri: kujuta kwa Kikorea kunanichanganya

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Najifunza Kikorea mwenyewe nyumbani, najiandaa na TOPIK II, mtihani wa kupima Kikorea, na nimekwama kwenye kujutia jambo lililokwisha kutokea.

Kwetu ukisema "laiti ningaliondoka mapema" umemaliza. Wakorea wana kiishio cha kitenzi -(으)ㄹ걸 그랬어, tena wana -았/었어야 했는데. Mvua ikininyeshea naweza kusema 우산을 가져올걸 그랬어, au 우산을 가져왔어야 했는데. Zote mbili kichwani mwangu ni "ningebeba mwavuli", na hapo ndipo ninapopotea.

Juzi rafiki yangu Mkorea aliachwa na basi, nikamwandikia 너는 일찍 나올걸 그랬어, nikimaanisha "ungetoka mapema". Akacheka sana. Akasema hiyo mtu hujisemea mwenyewe. Mwenzio unamwambia 일찍 나왔어야지. Sawa, hilo nimelishika. Kukanusha nako sina shida: 먹지 말걸, "laiti nisingekula", ndiyo wimbo wangu kila nikila mapilipili yao usiku.

Nimejaribu kutunga sentensi kila siku na kujirekodi, bado nabahatisha tu.

Sasa naomba mnisaidie: ninapojisemea mwenyewe, ni wakati gani 했는데 inafaa kuliko 걸 그랬어? Na 갈걸 ("laiti ningeenda") ikiachwa hivyo bila 그랬어, mnaitofautishaje na ile ya kukisia, "nadhani ataenda"? Najua kwenye kukisia sauti hupanda mwishoni, ila watu wakiongea harakaharaka sikio langu halikamati kitu. Hata mfano mmoja wa maongezi ya kawaida utanitosha. Ahsanteni.